Kuhusu brashi tatu za rangi mlizoniuzia, na moja iliyoharibiwa mbele yangu

Lubumbashi, Jumatatu

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Kanuni yenu ya kubadilisha bidhaa ndani ya siku saba imebandikwa nyuma ya keshia, kwa hiyo sitairudia. Ninaandika kwa sababu Jumamosi, siku ya nne tangu ninunue, mfanyakazi wenu alichukua brashi yangu namba 2, iliyokuwa nzima, akaisimamisha kwa ncha juu ya meza, akaikandamiza na kuizungusha kama mtu anayezima sigara, kisha akasema kwamba nimeiharibu mimi kwa kutojua kutunza.

Jumanne nililipa dola 46 kwa namba 0, 1 na 2, zilizoandikwa kuwa ni za singa za mkia wa kicheche wa Siberia. Kabla ya kulipa niliomba maji kidogo, kwa kuwa brashi mpya hupakwa gundi, na hata iliyo mbovu huonekana ina ncha kali mpaka gundi hiyo iyeyuke. Nilikataliwa. Nyumbani, baada ya kuziosha, namba 1 iligawanyika kama ulimi wa nyoka, na namba 0 ikaacha singa tatu ndani ya rangi mbichi ya ndege ndogo ya mfano ninayoiunda, DC-3 ya kipimo cha 1/72, ambayo kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine ni kama sentimita 40 tu. Nilizitoa kwa kibanio, jioni nzima, na alama bado zinaonekana. Namba 2 peke yake ilikuwa njema: tumbo lake lilibeba rangi ya kutosha mstari mrefu, na ncha ilirudi yenyewe kila nilipoiinua.

Kuhusu kutunza, naomba nijibu. Sichovyi brashi hadi kwenye bomba la chuma linaloshika singa, kwa sababu rangi ikikaukia humo huzitanua kutoka shinani na ncha hairudi tena. Ninaosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, yasije yakalegeza gundi ya ndani. Naichonga ncha kwa vidole na kuilaza ikauke. Kazi ya kusugua rangi kavu kwenye kingo naiachia nailoni kuukuu, ambazo ncha zake zimekwisha kujikunja. Jumamosi hiyo nilikuwa na brashi yangu ya miaka sita mfukoni, ncha yake ikiwa kama sindano. Mfanyakazi wenu hakutaka hata kuitazama.

Naomba Bwana Mkurugenzi aelewe vizuri kilichotendeka, maana sijalala vema tangu siku hiyo. Nilikuwa na mwanangu wa miaka kumi na miwili, ambaye ninamfundisha kazi hii. Mfanyakazi wenu aliikandamiza namba 2 mezani mpaka singa zikafunguka pande zote, akasema, «Papa, hii ni brashi, si yai», akaitumbukiza kwa kichwa ndani ya kopo la tineri na kuiacha humo imesimamia singa zake, katika dawa inayozikausha mafuta yake ya asili, huku akizungumza kwenye simu. Nilipolalamika, alisema kama ni hivyo nitumie vidole. Wateja walicheka. Mwanangu aliinamisha kichwa. Ni kweli kwamba katika mji huu mchoraji Bela alichora kwa vidole na picha zake zikajulikana mbali, lakini madirisha ya ndege yangu ni madogo kuliko punje ya mchele.

Nilikuwa nimekuja kuomba brashi mbili tu zibadilishwe. Sasa ninadai dola 46 zote, pamoja na barua ya kuomba radhi iliyotiwa sahihi na wewe mwenyewe, si na msaidizi, na mfanyakazi huyo amwombe radhi mwanangu mbele ya meza ileile. Tena ninadai kopo la maji liwekwe hapo kwa kila mnunuzi wa brashi. Ninasubiri hadi Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo nitapeleka risiti na brashi zote tatu kwa idara ya uchumi ya jimbo, na nitazionyesha kwa kila mchoraji na kila mwalimu wa sanaa ninayemfahamu Lubumbashi, nao ni wengi.

Kwa heshima,
Mnunuzi wa Jumanne, ambaye nakala ya risiti yake imeambatanishwa