Foni si chuma chakavu, imezibwa masikio tu

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya teknolojia ametuambia wiki iliyopita kwamba foni, zile redio za kuitana za kutuma na kupokea sauti, zilizobaki hapa Bukavu ni chuma chakavu, na kwamba hata stesheni za redio za kawaida hazishiki kwa kuwa zilitengenezwa kwa mazungumzo tu. Kuziita chuma chakavu ni haki yake. Ila hilo la kutoshika redio si kweli. Nimekuwa fonisti, mwendeshaji wa foni, wa duka la jumla la hapa Kadutu tangu enzi ambapo habari za Shabunda zilifika kwa foni au kwa rubani, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Foni za maduka zenye chaneli zilizofungwa siziongelei. Naongelea zile za radioamateri, watu wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi yao tu, zenye kitufe kikubwa cha kuzungusha, ambazo mapadri na watu wa misaada waliziacha walipoondoka. Yangu ni Icom IC-718. Kutuma, inatuma kwenye masafa ya radioamateri peke yake. Kusikia, inashuka hadi kilohezi 30, chini kabisa ya mawimbi ya kati na hata mawimbi marefu.

Shida ni kwamba ukishuka chini ya kilohezi 1,800 unakuta sauti zimefifia, na fundi anakuambia mashine imekufa. Yupo mmoja, simtaji, aliyemtoza jirani yangu dola 20 "kubadilisha sikio". Hakuna sikio la kubadilisha. Watengenezaji wenyewe ndio wameitia pamba masikioni, makusudi: huko kwao mtu anaweza kuishi karibu na mtambo wa mawimbi ya kati wa kilowati mamia, nao ungefunika kila kitu kingine. Hata kitabu cha maelezo kinakiri, maana kinatoa kipimo kimoja cha usikivu kwa juu ya 1,800 na kingine kibaya zaidi kwa chini yake. Sisi hapa mjini tunasikiliza FM, hatuna jitu la namna hiyo mlangoni, lakini pamba tumeuziwa pamoja na mashine.

Niseme ukweli: transista ndogo ya sokoni, yenye kile kijiti cheusi cha feraiti ndani ambacho ndicho antena yake, itaishinda foni kwenye mawimbi ya kati ukiwasha zote bila maandalizi. Antena ya foni ya kilohezi 7,000 ina urefu wa mita 20 hivi. Wimbi la kilohezi 909 peke yake lina mita 330. Wengine huunganisha waya wa kati na wavu wa kebo ya antena pamoja, wakaufanya mlingoti mzima kuwa waya mmoja, na hiyo inasaidia. Mimi nimechagua fremu. Vipande viwili vya mbao vya mita moja na nusu hivi nimevifunga msalaba, nikazungushia waya wa umeme zamu nane kwenye ncha, miisho miwili ikaingia kwenye kondensa ya kuzungusha niliyoing'oa kwenye redio mbovu ya mzee wangu. Zamu moja ya pembeni, isiyogusana na zile nane, ndiyo inayokwenda kwenye foni. Unazungusha kondensa polepole, na mahali fulani kipimo kwenye kioo cha foni kinaruka na sauti inajaa. Kisha unageuza fremu yenyewe mpaka kelele ya jirani izame. Tena inakaa ndani ya nyumba. Waya mrefu juu ya mti, kwa nyakati hizi, huleta maswali mengi kutoka kwa watu usiotaka kuwajibu.

Chomoa mikro kabla ya yote. Ukibonyeza kwa bahati mbaya kwenye masafa ya radioamateri huku fremu imeunganishwa unaweza kuunguza mashine, na kutuma bila leseni ya ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ni kosa.

Kelele ndizo adui. Taa za LED, chaja za simu, inveta, vyote vinanguruma zaidi huku chini kuliko huko juu. Zima kurenti ya nyumba nzima, washa foni kwa betri ya volti 12. Regileta ya sola ndiyo mbaya kupita zote, lakini jua likizama pano za sola hazichaji tena na yenyewe inanyamaza. Saa hiyohiyo lile tabaka la chini la anga, liitwalo D, ambalo mchana hunyonya mawimbi ya kati, linatoweka, na stesheni za mbali zinaanza kujitokeza. Kwa hiyo mimi hukaa kwenye kiti saa moja jioni, si kabla.

Adui mwingine hatuwezi kumzima. Wanasayansi waliopitia kumbukumbu za setilaiti ya TRMM, ya kupima mvua, za mwaka 1998 hadi 2013 waliikuta Kabare, hapa nyuma ya nyumba zetu, ikiwa ya pili duniani kwa radi baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Wa Goma wasicheke, Sake imo kwenye kumi za kwanza. Kila mmweko ni mpasuko kwenye spika, na kadiri unavyoshuka masafa ndivyo unavyozidi. Ndiyo sababu nchi za joto zilitengewa bendi zao za utangazaji kati ya kilohezi 2,300 na 5,060, juu kidogo ya fujo hiyo. Msimu wa mvua ninachomoa antena na kwenda kulala. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yangu.

Na hapo foni inalipa deni lake. Stesheni inapopanda na kushuka hadi maneno yanakatika, transista haina la kufanya. Kwenye foni unaweka SSB, yaani kusikiliza upande mmoja tu wa wimbi, unazungusha mpaka ule mluzi ushuke na kuisha kabisa, kisha unachagua upande wa juu au wa chini, ule usiokuwa na jirani. Maneno yanasimama wima. Hivyo ndivyo ninavyosikiliza mahubiri ya TWR, redio ya Kikristo, ya Parakou, Benin, kwenye kilohezi 1566, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka hapa. Kwetu Afrika stesheni za mawimbi ya kati zimepangwa kila baada ya kilohezi tisa, kwa hiyo namba ya kweli hugawanyika kwa tisa: 1566, 1170, 909. Ukikuta mtu anaongea kwenye namba isiyogawanyika, uwezekano mkubwa ni mzuka uliozaliwa ndani ya mashine.

Mawimbi marefu ni habari nyingine. Afrika yako kaskazini, Algeria na Moroko; Ulaya nako wanayazima. Redio ya Ufaransa, France Inter, iliondoka kwenye kilohezi 162 mwisho wa 2016, ingawa mtambo wa Allouis bado unatuma alama za saa, na Ireland ikazima 252 mwaka 2023. Huko chini mimi huokota vinara vya kuongozea ndege tu, vikirudia herufi zao za Morse usiku kucha.

Sasa ombi langu, Mhariri. Ukurasa wenu wa redio unachapa FM za mjini, ambazo kila mtoto anazijua. Ongezeni masafa ya mawimbi ya kati na mafupi ya matangazo ya Kiswahili na Kifaransa, hasa kwa sababu intaneti ikikatika hakuna pa kuyatafuta. Na mkiyachapa, andikeni saa za huku kwetu: GMT ongezeni mbili, ya Kinshasa ongezeni moja. Mara ya mwisho mlipoandika saa ya kipindi mlinakili ya Kinshasa, na wengi tulifungua redio saa nzima kabla ya kipindi kuanza.

Fonisti wa Kadutu,
Bukavu