Kutolewa hogo siyo kupona, tuambieni mapema

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, na unisamehe mwandiko maana hii naandika kwa simu na dole gumba la kulia bado linanigomea.

Mimi ni mama mtu mzima, nakaa Tandika. Mwezi wa nne, mvua zile za masika, niliteleza uani natoka kuoga, nikatanguliza mkono wa kulia nisipige kichwa, mfupa ukavunjika hapa juu kidogo ya kiganja. Daktari akasema wa hivi wanawapokea sana, mtu akianguka kiganja ndo kinatangulia. Nikapigwa picha, nikafungwa hogo, nikaambiwa mama rudi baada ya wiki sita. Basi. Jina la hospitali naliacha maana mfupa wameunga vizuri, umenyooka, ila hapo kwenye "basi" ndo penye barua yangu.

Wiki sita zote mkono nimeuning'iniza shingoni kwa kanga, sigusi kitu (kanga yenyewe imeandikwa HAMNIWEZI, watu kituoni wanasoma, wanaangalia hogo, wanacheka, na mimi nacheka). Kuoga mkono umevalishwa mfuko wa plastiki, binti yangu ananimwagia maji, ananifunga kanga kifuani kama mtoto wa chekechea. Ugali siwezi kusonga maana nani atashika sufuria? Msibani nakula na kijiko cha kushoto wazee wananikata jicho. Benki ndo usiseme, sahihi ya mkono wa kushoto imetoka kama kuku kapita kwenye matope, dada wa dirishani ananiambia mama hii siyo sahihi yako, namwonyesha hogo, anasema naona mama ila hii siyo sahihi yako. Nikarudi nyumbani bila hela.

Nikawa nahesabu siku, najua likikatwa tu nimepona. Thubutu! Ile mashine inapiga kelele unadhani inakuja na nyama, kumbe inatetemeka tu, ngozi haikati. Mkono ukatoka mwembamba kama wa mtu mwingine, magamba yanabanduka, na harufu yake mhariri tuiache. Nikaambiwa kunja ngumi, vidole vinasogea kidogo vinagoma. Kiganja hakigeuki kutazama juu, yaani hata chenji ya konda huwezi kupokea inadondoka, na bega nalo limekaza wakati bega halikuvunjika!

Kijana wa mazoezi ya viungo akaniuliza, mama ulikuwa unachezesha vidole na bega kipindi una hogo? Nikamwambia mwanangu, mtu aliyevunjika anachezesha nini? Akacheka kwa huruma. Kumbe vidole vilitakiwa kukunjwa na kunyooshwa kila siku toka mwanzo, bega na kiwiko vinatolewa kwenye kanga vinanyanyuliwa, na mkono unawekwa juu ya mto usivimbe. Hayo maneno yanachukua dakika ngapi kumwambia mtu? Na kuna lingine ambalo nalo sikuambiwa, kwamba vidole vikivimba sana, vikifa ganzi au kubadilika rangi, hungoji wiki sita, unarudi usiku huohuo maana hogo linabana damu.

Majirani nao walinishauri nikachuliwe mafuta kwa nguvu mpaka ukae sawa. Sikwenda, na yule kijana akasema nilifanya la maana. Yeye alinipa beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa, nakamua, naachia, nakamua, naachia, halafu nageuza kiganja juu chini kama nageuza chapati, mara kadhaa kwa siku. Machozi yalinitoka sikufichi.

Ninachoomba ni wahusika kwenye vyumba vya kufungia hogo wampe mgonjwa hata kikaratasi cha Kiswahili, au wabandike ukutani, na yule anayemsindikiza mgonjwa naye asomewe maana nyumbani sisi tunapenda kumfanyia mgonjwa kila kitu mpaka anaganda.

Mimi sasa ni mwezi wa tatu toka hogo litoke. Kanga nafunga mwenyewe, unga wa chapati nakanda, daladala nashika bomba kwa mkono wa kulia ila dereva akikanyaga breki ghafla nabadilisha mkono. Nazi bado, mbuzi naiangalia tu pale jikoni, nanunua iliyokunwa. Na benki nimerudi wiki iliyopita, sahihi imekubali mara ya pili.

Mama wa Tandika,
Dar es Salaam