Wote walikuwa wavivu siku moja?

Ndugu Mhariri,

Juzi redioni maprofesa wawili walivutana: mmoja akasema umaskini wa Lubumbashi, mji wetu wa Kongo, ni uvivu wa mtu binafsi, mwenzake akasema ni mfumo. Wa kwanza namuuliza: mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipopunguza wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wote walikuwa wavivu siku moja? Jirani yangu hapa Kenya, komini (mtaa mkubwa) ya Lubumbashi, huamka saa tisa usiku kusukuma baiskeli ya makala (makaa ya kupikia), magunia matatu, breki zimefungwa kwa mpira. Jioni anakula bukari (ugali) na sombe (kisamvu), basi. Lakini wa pili naye asitufanye magogo. Likelemba ya mtaa wetu, yaani mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, aliianzisha jirani huyohuyo.

Msomaji wenu,
Lubumbashi