Shikamoo mbele ya mahakama ya wazushi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Wakathari wa kusini mwa Ufaransa, watu ambao Kanisa Katoliki la karne za kati liliwaita wazushi, yaani wapotoshaji wa imani, niliisoma mara mbili. Imeandikwa kwa ufundi, lakini mwandishi anatuambia kwamba watu hao walikuwa na kanisa la siri lenye maaskofu wake, lililoamini mungu wa mema na mungu wa mabaya, na anayasema hayo bila wasiwasi, kama mtu anayetaja tarehe ya Uhuru. Mimi niliyefundisha historia sekondari hadi kustaafu nilitaka kujua kwanza: nani kasema?

Mwanahistoria Mwingereza R. I. Moore aliliuliza swali hilo kabla yangu. Mwaka 1987 alidai kwamba Ulaya ya karne ya 11 hadi ya 13 haikufurika wazushi kwa ghafla. Waliobadilika ni watawala na makarani wao wasomi, waliojijengea madaraka kwa kuwasaka wazushi, Wayahudi na wenye ukoma, wote kwa mashtaka yanayofanana mno. Mwaka 2012 alikwenda mbali zaidi akatilia shaka hilo kanisa la Wakathari lenyewe.

Mwanahistoria mwenzake, Mark Gregory Pegg, naye alichimba daftari moja tu la mahakama ya Kanisa iliyowasaka wazushi. Mwaka 1245 na 1246, mahakimu wawili Wadominiko (watawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko), Bernard de Caux na Jean de Saint-Pierre, waliwahoji watu zaidi ya 5,000 mjini Toulouse. Wanakijiji walijibu kwa lugha yao, karani akaandika kwa Kilatini. Hawakumtaja Mkathari hata mmoja. Walizungumza juu ya "watu wema", ambao mtu akikutana nao huinama mara tatu na kuomba baraka. Karani akaandika: aliwaabudu wazushi. Pegg anasema hiyo ilikuwa adabu ya kule.

Hapo nilicheka peke yangu. Hebu mlete karani huyo kijijini kwetu, amsikie mtoto akimwambia babu yake "shikamoo". Atauliza maana yake, ataambiwa ni kushika miguu. Babu akiitikia "marahaba", basi, kesi imekwisha: mmoja amesujudu, mwingine amepokea ibada.

Sisemi Moore na Pegg wameshinda. Mwanahistoria Peter Biller amewapinga vikali, na wapinzani wao wana shahidi mzito, Rainerio Sacconi wa Italia, aliyekiri kuishi miaka 17 miongoni mwa wazushi kabla ya kuwa Mdominiko. Mwaka 1250 aliyaorodhesha makanisa yao, likiwemo la Toulouse. Siwezi kumtupa mtu aliyekuwa ndani. Ila aliandika baada ya miaka zaidi ya 40 ya vita vya msalaba dhidi ya wazushi hao na ya mahakama, na watu wanaowindwa pamoja muda wote huo hujipanga, hata kama mwanzoni hawakuwa kundi.

Kuhusu Béziers, mji wa kusini mwa Ufaransa ulioshambuliwa na jeshi la vita hivyo Julai 1209, makala inamnukuu abate Arnaud Amalric, mjumbe wa Papa, akiamuru wote wauawe, Mungu atawatambua walio wake. Maneno hayo tunayo kutoka kwa mtawa wa Ujerumani, Caesarius wa Heisterbach, aliyeandika miaka kadhaa baadaye, na mwenyewe anasema "inasemekana". Tunachojua ni kwamba Arnaud alimwandikia Papa Innocent III kuwa karibu watu 20,000 wameuawa bila kujali umri wala jinsia. Barua hiyo inatisha kuliko ile nukuu, sijui kwa nini mliiacha.

Mmeahidi sehemu ya pili kuhusu Montségur, ngome ya mlimani walikochomwa moto watu zaidi ya 200 mwezi Machi 1244. Naomba kila shahidi anaponukuliwa, tuambiwe alihojiwa na nani, na lini. Bernard de Caux alianza kuuliza maswali yake Toulouse mwaka uliofuata tu, mbele ya watu waliojua vizuri kuni zile zilivyowaka.

Mwalimu mstaafu,
Iringa