Yah: Taa za gari langu zilizosuguliwa kwenu zikaharibika

Dar es Salaam,
14 Juni 2025

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwishoni mwa Aprili nililileta kwenu gari langu, Toyota IST, vioo vya taa za mbele vikiwa vimepauka na kuingia umanjano. Nikalipa shilingi 60,000 na kupewa risiti yenye dhamana ya miezi 6. Fundi akasugua kwa msasa na maji, maji yakatoka ya njano, nami nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Jioni taa ziling'aa kweli, hata kijana nikamwachia ya soda.

Wiki ya sita umanjano umerudi, mbaya kuliko wa mwanzo. Ningevumilia hilo. Nisichoweza kuvumilia ni mikwaruzo ya duara duara iliyobaki kwenye vioo, ambayo usiku hutawanya mwanga pembeni badala ya kuupeleka mbele. Juzi nikitoka Morogoro, kuanzia Chalinze madereva walikuwa wananimulika wakidhani nimewasha taa kubwa, na mimi mwenyewe barabara siioni.

Nilimwendea fundi wa rangi Gerezani. Akaniambia kioo cha taa si kioo, ni plastiki ya polikaboneti, na kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kukinga jua. Yale maji ya njano niliyoyafurahia ndiyo ngozi yenyewe ilikuwa inaondoka! Kuiondoa si kosa, maana ilishaungua. Kosa ni kuiacha plastiki uchi. Ilitakiwa fundi wenu aanze na msasa namba 800, apande 1500, amalizie na 3000, kila mmoja ukifuta alama za uliotangulia, kisha polishi, kisha vanishi ya kukinga miale ya jua. Mimi nilikuwa nimesimama pale: msasa mmoja, polishi, basi. Hata tepu ya karatasi ya kukinga boneti hakubandika, ndiyo maana kushoto kuna michirizi kwenye rangi.

Nilipopiga simu, dada wa mapokezi alinishauri nisugue kwa dawa ya meno. Hiyo nayo si msasa tu, ila laini? Itang'arisha siku chache na jua litaendelea kuila plastiki. Mwenzake akadai naoshea gari stilwaya. Gari naliosha mwenyewe kila Jumapili: maji mengi kwanza vumbi litoke, halafu sponji laini na shampuu.

Naomba kazi irudiwe bure kwa hatua zote, vanishi ikiwemo, mimi nikiwepo, na boneti ipigwe polishi. Mkishindwa, nirudishieni shilingi 60,000. Nisipojibiwa ndani ya siku 7 nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha nakala ya risiti na picha 4. Mbili nimezipiga usiku, taa zikiwa zinamulika ukuta wa nyumbani. Tafadhali muonyesheni fundi hizo kwanza.

Mteja wenu,
Mwenye IST ya kijivu