Barua kwa mwanangu: hiba ya shangazi yako

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Tangu tulipokata simu jana nimekaa na lile neno lako: "Baba, pesa za shangazi si mzigawanye tu, nusu zije kwa jina la shangazi, nusu kwa jina la ami, nisihitaji kuziripoti huku Marekani?" Nimeona nikujibu kwa maandishi, ubaki nalo jibu.

Nyumba ya shangazi yako ya Kibokoni imeuzwa. Ilikuwa ya kupangisha, na kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15, ameshailipa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Pesa zilizobaki, kama dola 130,000, amekupa wewe. Jumatatu nilimpeleka kwa wakili kutia sahihi hati ya hiba. Mkono ukamtetemeka, akaiweka kalamu, akajipangusa kiganja kwa leso, akaanza tena, herufi moja moja mpaka jina likatimia. Wakili alimwambia dole gumba linatosha, akakataa. Zawadi iliyotolewa namna hiyo, mwanangu, unaificha ya nini?

Serikali ya huko haikutozi hata senti kwa hiba ya mtu asiye raia wala mkaazi wa Marekani. Inataka kuarifiwa tu. Wewe una Green Card, kibali cha ukaazi wa kudumu, na zawadi kutoka kwa mtu wa nje zikipita dola 100,000 kwa mwaka, unaijazia IRS, mamlaka ya kodi ya huko, Fomu 3520, ya kuripoti zawadi hizo. Kuzigawa hakusaidii, maana za ndugu wenye uhusiano hujumlishwa. Usipoijaza, faini ni asilimia 5 ya zawadi kila mwezi, hadi asilimia 25. Piga hesabu: dola 6,500 kwa mwezi, mpaka zifike 32,500. Nyumba aliyoitunza tangu marehemu mumewe afariki!

Miaka yangu yote ya klaringi, kutoa mizigo ya watu bandarini pale Kilindini, imenifunza kuogopa karatasi iliyokosekana. Nakumbuka kontena moja la vigae: ushuru umelipwa wote, hati moja imechelewa. Gharama ya storeji ikapanda siku baada ya siku, mpaka mwenye mali, mtu mzima mwenye wajukuu, akakaa kwenye benchi la ofisi yetu akalia. Sitaki nikuone wewe hapo.

Fomu haiambatani na ritani yako ya kodi, hupelekwa peke yake, ila siku ya mwisho ni ile ile, tarehe 15 Aprili mwakani. Ukiziweka benki, riba yake ni mapato, utaitolea kodi.

Benki ya huku nayo itauliza chanzo, kwa kuwa zinapita dola 10,000. Tutawaonyesha mkataba wa mauzo na hati ya hiba, na zitatumwa mara moja, kutoka akaunti yake mwenyewe.

Nakala nakutumia kesho. Litazame jina lake vizuri: kwenye kitambulisho liko na la babu, kwenye akaunti halipo. Muulize mhasibu wako kama tofauti hiyo italeta shida; ikiwa ndivyo, wakili atuandikie barua kabla hatujatuma pesa.

Wasalaam,
Babako