Barua kwa Rajabu, kuhusu maji ya kisima chenu

Kampala

Ndugu yangu Rajabu,

Salamu nyingi, na shemeji msalimie. Unauliza kama mashine ya maabara yetu inaweza kuiona dawa ya magugu kwenye kisima chenu cha pampu, kule Arua. Inaiona, tena kupita kiasi, na hapo ndipo penye kazi.

Mashine hiyo, spektrometa ya masi, hutambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake, na hufika hadi nanogramu moja kwa lita, yaani gramu moja ndani ya lita bilioni moja. Hapo hata chupa inaweza kukusingizia. Ya soda usiiguse. Nakuletea za kioo cha kahawia. Siku hiyo usijipake dawa ya mbu, itajitokeza kwenye majibu. Pampu kwanza mpaka maji yaliyolala bombani yaishe, ndipo ukinge. Chupa moja ina maji safi ya huku: iache wazi pale kisimani wakati unakinga, kisha uifunge. Tukiikuta na atrazini, yaani hiyo dawa ya magugu, tutajua imeingia njiani wala si kutoka kisimani, na majibu yote ya siku hiyo tunayatupa.

Huku tunatia kwanza kwenye maji yenu atrazini yenye haidrojeni nzito, ambayo mashine huitofautisha na ya kisimani kwa uzito wake, kiasi tunachokijua, halafu maji yanapita kwenye kimrija chenye unga unaonasa kemikali. Kinachopotea njiani kinapotea kwa zote mbili, yetu na ya kisimani, kwa hiyo hesabu inajirekebisha. Mashine huchagua ioni (molekuli ya atrazini iliyotiwa chaji ya umeme) yenye masi 216, huivunja, na kukisaka kipande cha 174.

Namba ikitoka msikimbilie kufunga pampu. Kwa atrazini kwenye maji ya kunywa, Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 0.1 kwa lita; Shirika la Afya Duniani linasema 100. Ni mara elfu! Ulaya hawataki dawa ya shamba majini, basi; hao wengine wamekokotoa madhara ya kiafya.

Ila kusema kweli, mimi ningeanza na choo kile kilicho upande wa juu. Naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi, na vijidudu vya kinyesi hupimwa kwa bei nafuu, na watoto wachanga ndio huumia kwanza. Mwambie shemeji kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, lakini naitreti inabaki ileile huku maji yakipungua.

Chupa zinakuja na basi la usiku. Ukishakinga zilaze kwenye barafu, zirudi jioni hiyohiyo, na unipigie uniambie ni basi gani.

Wako,
Musa